Kuchagua filamu ya nyambizi: Das Boot, The Hunt for Red October, Crimson Tide na nyinginezo

Mara ya kwanza nilipotazama filamu ya nyambizi nilikuwa nimebanana na wenzangu kwenye benchi la banda la video, na msimulizi aliyekuwa akiitafsiri alikuwa hodari kweli wa mateke na risasi. Filamu ilipofika mahali ambapo mabaharia wote wananyamaza na kuinua macho juu, kana kwamba wanaweza kuona kupitia chuma, yeye alikichukulia kimya kile kuwa pengo linalohitaji kuzibwa, akaliziba kwa mzaha, nasi tukacheka. Miaka mingi baadaye niliitazama filamu ileile nyumbani, usiku, bila msimulizi, ndipo nilipotambua kwamba sehemu ile ya kimya ndiyo iliyokuwa kiini chake.

Ninaanza na kumbukumbu hiyo kwa sababu ndiyo iliyonipa kipimo nitakachokitumia hapa. Nyambizi ya kivita haina dirisha la kutazamia. Mwanga wa jua hufifia upesi majini, na kupita mita 200 hubaki karibu giza tupu, ilhali sauti husafiri humo kwa kasi ya karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Kwa hiyo aliyemo ndani hapigani na adui anayemwona bali na adui anayemsikia, na yeye mwenyewe husalimika kwa kutosikika. Mwongozaji anayelielewa jambo hili huweza kujenga taharuki kwa vitu vichache sana: uso wenye jasho, mlio wa bamba la chuma linalobanwa na maji, mtu aliyevaa visikilizio akiinua kidole kimoja kuomba wenzake wasisogee. Asiyelielewa hulazimika kutuonyesha kila kitu kwa nje, nyambizi zikifukuzana kama magari barabarani, na hapo aina hii ya filamu hupoteza kitu pekee kinachoitofautisha na filamu nyingine za vita. Nikiulizwa ipi itazamwe, basi, swali langu la kwanza ni namna inavyotumia masikio ya mtazamaji. Ukubwa wa milipuko yake naufikiria baadaye.

Kwa kipimo hicho, Das Boot ya mwaka 1981 bado haijapata mshindani. Iliongozwa na Wolfgang Petersen kutokana na riwaya ya Lothar-Günther Buchheim iliyotoka mwaka 1973, na Buchheim mwenyewe alikuwa amesafiri ndani ya nyambizi ya Ujerumani U-96 mwaka 1941 akiwa mwandishi wa habari za vita. Hadithi inaifuata safari moja ya nyambizi hiyo kutoka pwani ya Ufaransa, chini ya nahodha anayeigizwa na Jürgen Prochnow, ambaye vijana wake humwita Mzee ingawa umri wake haujafika huko. Mpiga picha Jost Vacano alitumia kamera ya mkononi iliyotulizwa kwa mitambo maalumu, akakimbia nayo kwenye ujia mwembamba wa chombo, akiinama kwenye milango ya duara na kupita kati ya miguu ya watu, na hiyo ndiyo sababu mtazamaji hutoka akiwa anakijua chombo chenyewe: anajua injini ziko wapi, chumba cha topido, yaani makombora yanayopita majini, kiko wapi, na ni nani analala kitandani kwa nani zamu zinapobadilishana.

Kinachoishangaza hadhira iliyozoea filamu za mapigano ni kwamba kwa muda mrefu hakuna kinachotokea. Siku zinapita, ndevu zinaota, mikate inaota ukungu, dhoruba inawarusha huku na huku, na adui haonekani. Kisha manowari za Uingereza zinawapata, nyambizi inazama chini zaidi ya kina kilichoruhusiwa, sindano ya kipimo inaendelea kushuka, na ukimya wote uliotangulia unageuka kuwa hofu. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Filamu haitupi somo hilo kwa maneno, bali hulifikisha kwa parafujo inayofyatuka ukutani kama risasi. Mtu aliyechoka kusubiri pamoja na mabaharia hao ndiye atakayeogopa pamoja nao, na kwa sababu hiyo ninashauri toleo refu la mwaka 1997, lenye takriban saa tatu na nusu, badala ya lile la sinema la dakika 149, hata kama ushauri huo utaonekana wa ajabu kwa filamu inayosifiwa kwa taharuki.

Ina kasoro zake, nazo si ndogo. Katika nusu saa ya kwanza nyuso zenye ndevu hufanana mno, na asiyefahamu Kijerumani atalazimika kufuata maandishi ya tafsiri huku mtu mwingine akipaza sauti nyuma. Kasoro nzito zaidi ni ya kimaadili. Filamu inatufanya tuwapende watu ambao kazi yao ni kuwazamisha mabaharia wa meli za mizigo kwa niaba ya utawala wa Hitler, na inajirahisishia mambo kwa kumfanya nahodha awe mwenye dharau kwa wanasiasa wa Berlin na kumwacha ofisa mmoja tu awe muumini wa chama. Ipo sehemu moja inayokataa urahisi huo: meli ya mafuta inawaka moto, Mzee anashangaa kuona watu bado wako ndani yake, wanajitupa majini na kuogelea kuja upande wake, naye anaamuru nyambizi irudi nyuma polepole.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kusimama kidogo hapo. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa na zaidi ya watu 1,500, wakiwemo askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki wapatao 1,000, ilipigwa topido na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Zaidi ya watu 1,200 walikufa, na manowari za Uingereza zilipoisaka nyambizi hiyo zilidondosha mabomu ya majini mahali ambapo manusura walikuwa bado wakielea. Filamu za aina hii humketisha mtazamaji ndani ya chuma, pamoja na anayefyatua au anayejificha, na kwa kawaida aliye juu ya maji huwa ni kivuli kinachopita kwenye kioo cha periskopu, ile darubini ya kuchungulia juu ya maji. Huo ni upungufu wa karibu filamu zote nitakazozitaja, na Das Boot, pamoja na lawama zake, ni miongoni mwa chache zilizougusa.

The Hunt for Red October, ya mwaka 1990, inasimama upande wa pili kabisa. John McTiernan aliichukua riwaya ya Tom Clancy ya mwaka 1984 akaifanya mchezo wa akili: nahodha wa Kisovieti Marko Ramius, anayeigizwa na Sean Connery, anatoka bandarini na nyambizi mpya yenye mtambo wa kuendea kimyakimya, na Wamarekani wanapaswa kuamua kama anakuja kushambulia au kujisalimisha. Kijana mchambuzi Jack Ryan, yaani Alec Baldwin, ndiye anayeamini la pili, na filamu nzima ni jinsi mtu mmoja anavyojaribu kusoma nia ya mwingine ambaye hajawahi kuzungumza naye kama rafiki.

Hata hapa masikio ndiyo yanayoibeba hadithi, ila kwa namna tofauti. Katika Das Boot sauti ni kifo kinachokaribia, ilhali katika Red October ni fumbo la kufumbuliwa. Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ile ya Jones, mtaalamu wa sona, yaani mtambo wa kunasa sauti majini, anayeigizwa na Courtney B. Vance, anapoambiwa na kompyuta kwamba alichokinasa ni mngurumo wa ardhi chini ya bahari, naye anaukataa uamuzi huo, anaiharakisha kanda mara kumi, na ghafla mngurumo unageuka mdundo wenye mpangilio ambao hakuna volkano inayoweza kuupiga. Hakuna risasi wala mlipuko, lakini kila aliyekuwa akitazama husogea mbele kwenye kiti. Filamu hiyo ilipata Oscar ya uhariri wa sauti za matukio, na nadhani hata asiyejua lolote kuhusu tuzo angeikisia.

Mapungufu yake yanatokana na usafi wake. Vyumba ni vipana, sare zimepigwa pasi, taa zinameremeta, na hakuna anayeonekana kuogopa maji yenyewe, kwa hiyo mtu aliyetoka kutazama Das Boot anaweza kujiuliza kama hawa nao wako baharini. Picha za nje zilipigwa kwa vielelezo vidogo vilivyoning'inizwa ndani ya studio iliyojazwa moshi, na ili tuvione ilibidi bahari ya kina kirefu ipewe mwanga ambao haipati kamwe. Kisha kuna lafudhi ya Connery, nahodha wa Kilithuania anayezungumza kama mtu wa Edinburgh, Scotland. Hata hivyo tatizo la lugha lilitatuliwa kwa ustadi ambao filamu nyingi za baadaye zingefaa kuuiga: wahusika wanaanza kwa Kirusi, kamera inausogelea mdomo wa ofisa wa siasa anayesoma kwa sauti, na kwenye neno Armageddon, ambalo linaeleweka katika lugha zote mbili, mazungumzo yanahamia Kiingereza na kubaki huko.

Kati ya hizo mbili, mwenye jioni moja tu na familia iliyochanganyika kwa umri achague Red October. Inaeleweka bila kujua historia, haimwagi damu nyingi, na dakika zake 135 hazichoshi.

Crimson Tide, ya Tony Scott, mwaka 1995, inafaa kuwekwa mezani pamoja na K-19: The Widowmaker, ya Kathryn Bigelow, mwaka 2002, kwa sababu zote mbili zinauliza swali ambalo chombo kilichofungwa hulichongoa kuliko mahali pengine popote: mtu wa chini afanye nini anapoamini kwamba mkubwa wake anakosea, na hakuna wa kuulizwa. Katika Crimson Tide nyambizi ya Marekani yenye makombora ya nyuklia inapokea amri ya kurusha, kisha ujumbe wa pili unaanza kuingia na kukatika kabla haujakamilika. Nahodha Ramsey, yaani Gene Hackman, anasema amri kamili ndiyo amri. Msaidizi wake Hunter, yaani Denzel Washington, anasema haiwezekani kuanzisha vita vya nyuklia wakati kuna ujumbe ambao haujasomwa. Nguvu ya filamu ni kwamba kila mmoja ana kanuni upande wake. Jeshi la Wanamaji la Marekani halikupendezwa na hadithi ya uasi likakataa kushirikiana na watengenezaji, nao wakaivizia nyambizi halisi ya USS Alabama ilipotoka bandarini na kuipiga picha ikizamia chini ya maji, na picha hiyo imo ndani ya filamu.

Wako watakaosema kwamba uasi wa aina hiyo ni wa kubuni tu. Lakini tarehe 27 Oktoba 1962, wakati wa mgogoro wa makombora ya Cuba, nyambizi ya Kisovieti B-59 ilikuwa imezingirwa na manowari za Marekani zilizokuwa zikiidondoshea mabomu madogo ya kuilazimisha ipande juu. Nahodha wake alifikiria kutumia topido yenye kichwa cha nyuklia, na ofisa aliyempinga hadi akatulia aliitwa Vasili Arkhipov. Mwaka mmoja kabla ya hapo Arkhipov huyohuyo alikuwa ndani ya K-19, nyambizi ambayo filamu ya Bigelow inaisimulia, wakati mfumo wa kupoza kinu chake cha nyuklia ulipovuja tarehe 4 Julai 1961. Mabaharia waliingia kwa zamu kwenye chumba cha kinu kuunganisha mabomba, na wanane wao walikufa kwa mionzi ndani ya wiki tatu.

Nikiziweka bega kwa bega, Crimson Tide ndiyo inayosisimua zaidi na K-19 ndiyo inayobaki moyoni. Hackman na Washington wanapobishana kuhusu farasi weupe wa Ulaya ambao huzaliwa wakiwa weusi, mzee akimtazama msaidizi wake Mmarekani mweusi usoni, maneno machache ya adabu yanabeba dharau nzito kuliko matusi. Lakini filamu hiyo haiuamini ukimya: muziki wa Hans Zimmer, mzuri kweli ukiusikiliza peke yake, hujaza kila nafasi, taa nyekundu na za kijani zinapigana kwenye nyuso za watu, na nyambizi ya adui inaingizwa kama mgeni wa kuleta fujo kisha inaondolewa. K-19 inakabiliwa na tatizo gumu zaidi, kwani mionzi haina sauti wala umbo, na sona haiwezi kuisikia. Bigelow analitatua kwa kutuonyesha vijana wanaoingia chumbani wakiwa wamevaa makoti ya kuzuia kemikali tu, kisha anatuacha tuwasubiri watoke, na ninaiona hiyo kuwa mojawapo ya sehemu zenye kuumiza zaidi katika filamu za aina hii. Inayoiangusha ni Harrison Ford na Liam Neeson kujilazimisha kuzungumza Kiingereza chenye lafudhi ya Kirusi kwa dakika 138, pamoja na mgogoro wa uongozi uliokuzwa kwa ajili ya sinema hata mabaharia halisi walionusurika wakalalamika.

Filamu mpya inayostahili kuingia kwenye meza hii ni ya Kifaransa, Le Chant du loup, ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Antonin Baudry, ambaye alikuwa mwanadiplomasia kabla ya kugeukia sinema. Hapa shujaa ni msikilizaji mwenyewe, kijana Chanteraide, mmoja wa wale ambao jeshi la wanamaji la Ufaransa huwaita masikio ya dhahabu, awezaye kutambua chombo kwa idadi ya mapanga ya rafadha yake, yaani panka inayokisukuma majini. Anaposita mara moja kuhusu sauti moja karibu na pwani ya Syria, uzito wa kosa hilo unamfuata hadi mwisho. Ilishinda tuzo ya César ya sauti bora, na sioni filamu nyingine iliyoichukua kazi ya kusikiliza kwa uzito namna hiyo. Udhaifu wake uko nchi kavu: mapenzi ya haraka yasiyomshawishi mtu, na sadfa nyingi zinazohitajika ili watu walewale wakutane tena chini ya maji katika nusu ya pili. Wasomaji wa Congo, Burundi na Rwanda wanaojua Kifaransa wana faida, kwa kuwa hawatahitaji kusoma maandishi wakati ambapo macho yanatakiwa yapumzike na masikio yafanye kazi. Omar Sy na Reda Kateb, kama makamanda wawili marafiki, wanaibeba sehemu ya mwisho kwa utulivu ambao Tony Scott hangeuvumilia.

Hunter Killer, ya mwaka 2018, haihitaji maneno mengi. Iliongozwa na Donovan Marsh wa Afrika Kusini, ina Gerard Butler kama nahodha na Rais wa Urusi anayehitaji kuokolewa, na karibu nusu yake iko juu ya ardhi na makomando, kwa hiyo kila mara taharuki inapokaribia kukaza tunahamishiwa porini. Ni filamu ya Jumamosi mchana, marafiki wakizungumza, na kwa kazi hiyo inatosha. Nyambizi zake zinafyatuliana topido chini ya maji kwa wepesi mkubwa, ingawa katika historia inayojulikana ni mara moja tu nyambizi iliyokuwa chini ya maji ilipoizamisha nyingine iliyokuwa chini ya maji pia: HMS Venturer ya Uingereza dhidi ya U-864 ya Ujerumani, nje ya Norway, tarehe 9 Februari 1945.

U-571, ya mwaka 2000, nayo ina mashambulizi ya mabomu ya majini yaliyotengenezwa vizuri sana kwa sauti, hata ikapewa Oscar kwa kazi hiyo. Atakayeitazama aitazame kama hadithi tupu, kwa sababu inawapa Wamarekani sifa ya kuteka Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuandikia ujumbe wa siri, ilhali mabaharia wa HMS Bulldog ya Uingereza waliichukua kutoka U-110 tarehe 9 Mei 1941, miezi saba kabla Marekani haijaingia vitani. Waingereza walikasirika hadi jambo likafika bungeni, na mmoja wa waandishi wa filamu hiyo, David Ayer, alikuja kukiri kwamba anajutia upotoshaji huo.

Kuna mambo yanayozichosha zote, zilizo bora na zilizo dhaifu. Kina kinachoitwa hatari hupitwa kila mara na chombo hakipasuki. Mlango hufungwa mbele ya uso wa rafiki ambaye maji yameshamfika. Na ule mlio mwembamba wa sona, unaotumwa ili mwangwi wake uonyeshe aliko adui, hupigwa bila kukoma, wakati nyambizi halisi huuepuka kwa kuwa anayeupiga anajitangaza mahali alipo. Red October ina sifa ya kuutumia mlio huo kwa uchumi, na ndiyo maana unapopigwa una maana. Wanawake nao hawapo, au wapo bandarini mwanzoni ili waagwe. Kwa filamu zinazosimulia ya mwaka 1941 na 1961 hilo ni ukweli wa kihistoria, lakini Marekani iliondoa marufuku ya wanawake kwenye nyambizi mwaka 2010, na Hunter Killer, iliyotoka miaka minane baadaye, ilimweka mwanamke wake mkuu ofisini, mbali na maji.

Kwa anayeanza, ningependekeza Red October kwanza, kisha Crimson Tide ndani ya wiki hiyohiyo, kwani ya pili inajibu maswali ambayo ya kwanza inayakwepa. Akizipenda aende Le Chant du loup, na K-19 aiache kwa siku ambayo ana nguvu za kuhuzunika. Hunter Killer inaweza kutazamwa popote, hata kwenye simu ndani ya basi. Das Boot haifai kutazamwa hivyo kamwe: picha zake ni za giza na nusu ya yanayotokea husikika kwa mnong'ono, kwa hiyo tafuta spika nzuri au visikilizio, subiri jirani azime redio yake, na inapofika sehemu ya manowari kupita juu, zima na feni pia.